Taa ya Njano kwenye Dashibodi: Mama, Usiogope Kuuliza Namba

Katika nyumba nyingi gari ni jambo la baba na fundi wake. Mama hupanda na kushuka, basi. Lakini gari likilala gereji wiki mbili, ni mama anayepanga upya matumizi ya nyumba. Ada ya muhula inasubiri, nyama inageuka dagaa, na mtoto akipata homa usiku wa manane anapelekwa hospitali ya Kitete kwa pikipiki. Kama gari hilo ndilo linalobeba wanafunzi, asali au karanga za biashara, hasara inakuwa mara mbili. Kwa hiyo, mama mwenzangu, mambo ya gari yanakuhusu hata kama hujawahi kushika usukani.

Makala haya yanazungumzia jambo moja ambalo linaweza kuokoa fedha nyingi za familia: ile taa ya njano yenye picha ya injini inayowaka mbele ya dereva, pamoja na namba zilizojificha nyuma yake. Huhitaji kujua kufungua injini. Unahitaji kujua namba hizo ni nini, zinasema nini, na zaidi ya yote, hazisemi nini.

Mji wa wasafiri

Sisi wa Tabora tunajua maana ya safari ndefu. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Burton na Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba, 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi 4 kutoka pwani, na walikaa hapa mwezi mzima na zaidi kabla ya kuendelea. Hapa ndipo wasafiri walipopumzika, wakatafuta wapagazi wengine na kufunga upya mizigo. Hakuna aliyetaka kugundua katikati ya pori kwamba kamba imelegea.

Reli ilifika mwaka 1912, na leo magari yanatoka mjini kwenda Nzega, Urambo, Sikonge na Itigi. Hata hivyo pori la miombo lipo pale pale. Gari likizimika kati ya kijiji na kijiji, ukiwa na watoto na jua la Oktoba linachoma, utatamani kama ungelisikiliza lile onyo lililowaka juma lililopita.

Gari lina daftari lake

Magari ya zamani yenye kabureta yalikuwa hayana kompyuta. Fundi alisikiliza mlio, akanusa moshi, akajua. Magari mengi tunayonunua sasa, yaliyotumika Japani kwanza, yana kompyuta inayoongoza injini. Mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo hupata habari kutoka kwa sensa nyingi: moja inapima joto la maji, nyingine hewa inayoingia, nyingine moshi unaotoka, nyingine mzunguko wa injini.

Habari ya sensa mojawapo ikipita kiwango, kompyuta huandika namba katika kumbukumbu yake na kuwasha taa ya njano. Mara nyingi huandika pia hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo wa gari, joto la injini na mzunguko wake. Ni kama muuguzi anayeandika joto la mgonjwa kwenye kadi kabla daktari hajafika.

Utaratibu huu ulianza kwa sababu ya moshi. Jimbo la California, Marekani, lilichoshwa na hewa chafu mijini, likadai magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1988 yaweze kujipima yenyewe. Lakini kila kiwanda kilikuwa na namba zake na tundu lake. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ilidai tundu la aina moja na namba za aina moja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Tundu hilo lina nafasi 16 za nyaya na kwa kawaida liko chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Ukiinama utaliona.

Namba zenyewe mafundi huziita "kodi". Usishtuke, hazihusiani na zile za TRA.

Jinsi ya kuisoma

Namba ya hitilafu huwa na herufi moja na tarakimu nne. Tuchukue P0301.

Herufi ya kwanza inaonyesha sehemu ya gari. P ni injini na gia boksi. C ni mambo ya chini kama breki za ABS. B ni bodi, yakiwemo mabegi ya hewa yanayowakinga abiria katika ajali. U ni mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine ndani ya gari.

Tarakimu inayofuata, 0, inasema kwamba namba hii ina maana moja kwa magari yote. Ingekuwa 1, ingekuwa namba ya kiwanda chenyewe, na fundi angetakiwa kutafuta maana yake kwa gari hilo hasa. Tarakimu ya 3 inaonyesha eneo, hapa ni uwashaji wa petroli ndani ya silinda. Zile mbili za mwisho, 01, zinataja silinda ya kwanza.

Kwa hiyo P0301 maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi petroli sawasawa. P0302 ni silinda ya pili. P0300 ni injini kumisi bila kujulikana ni silinda ipi.

Namba ni shahidi, si hakimu

Hapa ndipo fedha za familia nyingi hupotelea. Mashine inasomwa, namba inatokea, na papo hapo inaandikwa orodha ya vitu vya kununua. Lakini rudia kusoma: P0301 imesema silinda ya kwanza inamisi. Haikusema koili imekufa. Haikusema plagi imekwisha. Haikusema nozeli imeziba. Yote hayo yanaweza kuleta namba ile ile, na waya uliokatika pia.

Tuseme familia ina gari dogo la silinda 4, na kila silinda ina koili yake. Gari linatetemeka, taa imewaka, na mashine imesoma P0301. Fundi asiye na subira atasema, "Mama, tubadilishe koili zote nne, plagi zote nne, na nozeli tuzisafishe." Tuseme koili moja ni shilingi 70,000. Hapo 280,000 zimekwenda kwa koili peke yake, kabla ya plagi na ufundi.

Fundi mwenye subira hufanya hivi. Anaiandika namba. Anaitoa koili ya silinda ya kwanza na kuibadilishana na ile ya silinda ya pili. Anaifuta namba kwenye kumbukumbu, kisha gari linaendeshwa mpaka tatizo lijitokeze tena. Anasoma upya. Ikiwa sasa imekuja P0302, ugonjwa umehama pamoja na koili, basi koili ile ndiyo mbovu na inanunuliwa moja tu. Ikiwa imerudi P0301, koili haina kosa. Anahamisha plagi kwa njia hiyo hiyo. Plagi nayo ikiwa nzima, anakagua waya, nozeli na mgandamizo wa silinda.

Kipimo hicho hakihitaji spea hata moja. Kinahitaji muda na uaminifu. Ukielewa mfano huu mmoja, umeelewa kiini cha jambo lote: namba inaonyesha mtaa, na fundi bado anatakiwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Namba na mazingira yetu

Zipo namba ambazo vumbi, joto na mazoea yetu huzialika. Hebu tuangalie chache.

P0171. Hewa ni nyingi kuliko petroli. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu ya petroli imechoka, au sensa ya hewa imechafuka. Eya klina inayopulizwa kwa upepo mara nyingi mno hutoboka, vumbi likapenya na kuikalia sensa. Kabla ya kununua sensa mpya, omba mpira ukaguliwe na sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu, si kwa kidole wala kitambaa.

P0128. Maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Wengine watashangaa: Tabora na joto lake, injini inapoa vipi kupita kiasi? Mara nyingi ni kwa sababu thamostati imetolewa na kutupwa, kwa imani kwamba katika nchi za joto haina kazi. Kumbe injini isipopata joto lake, kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, nayo huendelea kuongeza petroli. Unaliwa fedha kidogo kidogo kila siku kwenye kituo cha mafuta.

P0335. Sensa inayosoma mzunguko wa injini ina matatizo. Gari likiwa la moto linaweza kuzimika ghafla barabarani, likipoa linawaka kama halijawahi kuugua. Namba hii usisafiri nayo mbali.

P0420. Kichujio cha moshi hakifanyi kazi yake. Mafundi hukiita masega, na sisi watu wa asali tunaelewa kwa nini, maana ndani kina matundu kama sega la nyuki. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, ndiyo maana wapo wanaonunua masega ya zamani. Kama gari liliingia gereji bila namba hii na likatoka nayo, uliza masega yako wapi. Lakini vilevile namba hii huweza kuletwa na bomba la moshi linalovuja au sensa ya moshi iliyochoka, na mara nyingi ni matokeo ya injini iliyoachwa imisi muda mrefu. Tibu chanzo kwanza.

Mwisho kuna panya. Gari likilala karibu na stoo ya mahindi au karanga, panya huingia chini ya boneti na kutafuna nyaya. Waya ukikatika, kompyuta huona sensa imekufa, na namba inaitaja sensa ile. Spea mpya ikifungwa kwenye waya uliotafunwa, taa itawaka vile vile. Tochi ya dakika tano inaweza kukuokolea bei ya sensa.

Taa ikiwaka, fanya hivi

Kwanza, tofautisha rangi. Taa nyekundu ya oili au ya joto maana yake ni kusimama mara moja mahali salama na kuzima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yatakurukia usoni.

Pili, taa ya njano ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika nyumbani au gereji kwa mwendo wa taratibu. Usiiache miezi.

Tatu, taa ya njano ikipepesa na gari likitetemeka, punguza mwendo na usimame mapema uwezavyo. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye masega na kuyapasha joto kali. Katika kiangazi usiegeshe juu ya majani makavu, maana moto unaweza kuanzia chini ya gari.

Nne, kumbuka kilichotokea kabla. Je, mmetoka kujaza mafuta? Mmevuka maji? Mmetoka gereji jana? Mwambie fundi, kama unavyomweleza daktari mtoto alikula nini.

Maswali matano ya kumwuliza fundi

Fundi mwema hakasiriki akiulizwa. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

1. Namba ni ngapi? Niandikie, tafadhali. (Pokea namba kamili. "Ni mambo ya sensa" si jibu.)

2. Namba hiyo inaweza kuletwa na vitu gani?

3. Umepima nini mpaka ukajua kwamba ni hiki na si kile?

4. Spea ya zamani nitaipata? (Chukua, hata kama huna kazi nayo.)

5. Baada ya kutengeneza, utafuta namba, utaliendesha gari na kusoma tena mbele yetu?

Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine. Asiyeweza kulijibu anabahatisha kwa fedha zako.

Nunua pia daftari dogo likae ndani ya gari. Andika tarehe, kilometa zilizosomwa, namba iliyoonekana, kilichofanyika na gharama. Mwaka ukiisha mtaona wenyewe kama ni namba ile ile inayorudi kila mwezi na kila mwezi inanunuliwa kitu kipya.

Kufuta si kutibu

Namba zaweza kufutwa kwa mashine, na kwa magari mengi hata kwa kuchomoa waya wa betri. Taa inazimika, mama anafurahi, fundi analipwa. Siku chache baadaye inawaka tena, kwa sababu ugonjwa haukuguswa. Mbaya zaidi, kufuta kabla ya kuandika kunapoteza ile kumbukumbu ya hali ya gari wakati wa tatizo.

Jihadhari na jambo hili hasa mnapotaka kununua gari lililotumika. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya njano inatakiwa iwake, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa ili ugonjwa usionekane. Tena, mashine nzuri huonyesha kama kompyuta imemaliza vipimo vyake vya ndani. Ikiwa karibu vyote bado havijakamilika, inawezekana kumbukumbu imefutwa asubuhi ile ile. Omba liendeshwe kwa siku kadhaa, kisha lisomwe tena kabla ya kutoa fedha.

Mashine gani, na magari gani?

Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye lile tundu na kusoma kwa simu. Vinafaa kwa kuanzia. Lakini vingi husoma injini tu. ABS na mabegi ya hewa huhitaji mashine kubwa. Isitoshe, baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana tundu lile lile, ila hayazungumzi na vifaa vya bei rahisi. Kwa hiyo kabla ya kununua, kiazime na kukijaribu kwenye gari lenu.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina njia yake. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa kwa Kiingereza "Diagnosis". Fundi akiunganisha tundu la TE1 na E1 na kufungua swichi, taa ya injini hupepesa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni namba 22, sensa ya joto la maji. Kazi hiyo mwachie anayeijua, maana kukosea tundu kunaweza kuunguza kitu. Na nyaya za mabegi ya hewa, ambazo kwa kawaida ni za njano, asizichezee mtu yeyote asiyefundishwa.

Kwa Land Rover ya zamani ya dizeli isiyo na kompyuta, sahau mashine. Huko bado sikio na pua ya fundi mkongwe ndivyo vinavyotawala.

Mazungumzo ya nyumbani

Mama mwingine atasema, "Mume wangu atadhani simwamini." Usianze na lawama wala usimhoji mbele ya fundi. Kaeni jioni baada ya chakula, mwambie, "Baba Fulani, nimesoma kwamba gari huandika ugonjwa wake kwa namba. Naomba tuwe tunaandika kwenye daftari, tujue fedha zinakwenda wapi." Mume mwenye busara ataona umempa msaidizi. Na akisafiri, gari likiwaka taa, hutabaki ukimsubiri kwenye simu huku fundi akiandika orodha.

Tusiwasahau pia mafundi wetu. Wengi walijifunza chini ya mwembe kwa kumtazama mkubwa wao, katika enzi za kabureta, na leo wanaletewa kompyuta ya magurudumu manne. Fundi anayetumia saa nzima kupima na kukuambia "koili moja tu inatosha" anastahili kulipwa vizuri kwa saa hiyo. Tukilipa spea tu na kudharau muda wa kupima, tunawafundisha wenyewe kubahatisha.

Na binti yako anayependa hesabu na kufungua redio? VETA ipo hapa hapa Tabora. Kazi ya kusoma namba, kupima nyaya na kufikiri hatua kwa hatua haihitaji misuli mikubwa, inahitaji akili iliyotulia. Mwonyeshe lile tundu chini ya dashibodi, halafu msikilize atakavyouliza.